Nilivyomwacha Mama Kibingo

Mama hajambo. Naanza na hilo kwa sababu siku niliyorudi kazini peke yangu niliona mlivyotazamana, na Mama Zuhura akaweka mkasi mezani polepole kama mtu aliyekwisha kusikia habari ya msiba. Nikasema tu, "Mama amebaki," nikakaa kwenye cherehani yangu, maana siku ile nisingeweza kuongeza neno bila kulia. Sasa nimetulia. Mliniuliza ilikuwaje, nami nawaandikia, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza kila mara.

Mnamjua mama yangu kama bibi wa kiti cha plastiki mlangoni kwangu hapa Nyakato, anayetazama pikipiki zikipita. Tangu baba afariki nikamchukua kutoka Muleba, alikuwa akila, akilala, akisali rozari yake, akijibu akiulizwa. Nilidhani huo ndio uzee. Halafu siku moja nikaleta kikapu cha sokoni, kile cha mikanda ya plastiki ya rangi rangi. Mama akakipindua, akapitisha kidole ukingoni, akasema, "Domitila angemcheka aliyefanya hivi."

Nikamuuliza Domitila ni nani. Akaanza kueleza, wala hakunyamaza mpaka uji ukaungulia jikoni.

Domitila alikuwa rafiki yake wa usichana kule Nyakakika. Walifundishwa kusuka na mwanamke mmoja, kwenye mkeka mmoja. Mmoja akianza kikapu, mwingine alikimalizia, na hakuna mtu angeweza kuonyesha mkono wa huyu uliishia wapi. Domitila akaolewa Kibingo, upande wa Kyerwa. Mama akaolewa na baba, mfanyabiashara wa kahawa wa Muleba. Mara ya mwisho walionana mimi nikiwa mgongoni.

"Nataka kumwona kabla macho hayajanizimikia," mama akasema. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu.

Kwa hiyo nilipoomba ruhusa nikasema naenda kutembea Karagwe, kwenye miji midogo ya wasusi na wahunzi, sikuwadanganya. Ila kwa mama ilikuwa ni kumtafuta mtu mmoja, na hatukujua kama yu hai. Mambo ya tiketi na kufunga mizigo nayaruka.

Bukoba hadi Kayanga

Tulilala Bukoba kwa shangazi yangu, asubuhi tukapanda basi la Karagwe. Mama alikaa dirishani na hakusema kitu mpaka tulipovuka daraja la Kyaka. Alipoona maji ya Kagera yale ya rangi ya chai ya maziwa, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Bado upo." Sikujua anauambia mto au anajiambia mwenyewe.

Mbele kidogo, mlimani, basi likakohoa likasimama. Dereva akashuka, akaingia uvunguni, akatoa kichwa. "Dakika tano tu, abiria wangu!"

Dakika tano za dereva mnazijua. Muuza mahindi ya kuchoma alitupitia mara mbili. Jirani yetu kwenye kiti, mama mmoja wa Muleba anayepeleka dagaa kwenye magulio ya Karagwe, alifungua kopo lake, akatugawia ndizi za kuchemsha na dagaa wa kukaanga, tukala tumekaa kwenye kingo za mtaro. Nikasahau kidogo. Nilipogeuka, mama hayupo.

Niliangalia ndani ya basi, hayupo. Nikazunguka nyuma, hayupo. Ndipo nikaona kitambaa chake cha kichwa chini kabisa bondeni. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ameinama katikati ya nyasi zinazomfika kifuani, anazing'oa moja moja.

"Mama! Kuna nyoka huko!"

"Nyoka naye ana shughuli zake," akajibu bila kuinua kichwa.

Nilimkuta na konzi nzima ya nyasi nyembamba, ndefu, zenye kung'aa. Alikuwa anazichagua: hii anaitupa, hii anaipeleka puani, hii anaiweka. Basi likapiga honi, abiria wakaanza kupiga kelele, na mama akapanda mlima na mzigo wake wa nyasi kama mtu ambaye basi zima linamngoja yeye kwa haki.

Yule mama wa dagaa akacheka. "Huyu ni Mnyambo, sivyo? Sisi Wahaya tungekaa kivulini tukamlaumu dereva."

"Mmemlaumu," mama akasema. "Basi limepona?"

Gari zima likacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama tu. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia mama akimjibu mtu.

Kayanga

Kayanga ni mji wa mlimani, na baridi yake inaingia kwenye mifupa jua likizama. Nilipokuwa mtoto tulipita hapo kila likizo kwenda kwa babu. Nilikumbuka barabara ya vumbi jekundu na duka moja lenye benchi nje ambapo baba alitununulia biskuti. Sasa kuna lami, kuna benki, na duka lenye benchi sikulipata, ingawa nilikwenda na kurudi barabara ile nikiwauliza watu mpaka mmoja akaniuliza kama nimepotelewa na mtoto.

Asubuhi niliagiza chai na ndizi mbili. Nilitaka mbivu, za kusindikizia chai, kama tunavyofanya hapa. Mhudumu akakaa jikoni muda mrefu mno, kisha akaja na sahani mbili za ndizi zilizopondeka na maharage, zinafuka moshi, kila sahani inaweza kushibisha wachimba kisima. "Ulisema mbili, dada," akaniambia. Mama akavuta moja mbele yake, akanawa mikono, akala yote. Nyumbani huwa anakula nusu kikombe cha uji.

Karibu na soko tukaingia kwenye duka la vikapu. Mnapenda kujua vilivyo, basi nawaeleza. Ni vya nyasi, si vya ukindu kama vya huku. Fungu la nyasi linazungushwa na kuzungushwa kuanzia kitovu, na kila mzunguko unafungwa kwa utepe mwembamba mpaka chombo kinakuwa kigumu kama kibuyu. Mapambo ni ya rangi mbili au tatu tu, meusi na mekundu ya kahawia, yanapanda kwa mishazari mpaka kwenye mfuniko wenye ncha. Ndani palikuwa na wazungu wawili vijana wanapiga picha. Mwenye duka, dada mmoja mchangamfu, aliwaacha wapige, akaja kwetu.

"Shikamoo, bibi. Karibuni mchague."

"Marahaba. Nachagua," mama akasema, akaanza kuvigeuza vikapu vyote matako juu. Hakuangalia rangi. Aliangalia kitovu tu, pale msusi alipoanzia, akivileta karibu na jicho lake zima. Cha saba au cha nane hivi, sikuhesabu, mkono ukasimama.

"Hiki nani kakisuka?"

"Hivyo vinatoka Kyerwa, bibi. Kuna mama anavikusanya kwa wasusi, ananiletea. Majina siyajui."

"Kimezungushwa kushoto," mama akaniambia. Sauti ilikuwa imebadilika. "Editha, wote huzungusha kulia. Domitila anatumia mkono wa kushoto."

Nikamuuliza dada kikapu kile kimekaa dukani tangu lini. Akafikiri, akakiri kwamba kimekaa sana, alikikuta wakati anapokea duka kwa dada yake. Nilitaka kumwambia mama asijipe matumaini makubwa, lakini alishakipakata kama mtoto, na wazungu walikuwa wameacha vikapu vyao wanamtazama yeye.

Nyaishozi

Mama alitaka kwanza aende Nyakakika, kwao, akasalimie makaburi na kuuliza habari. Tukashika njia ya Nyaishozi. Huko mvua ikatukamata, na gari la kwenda Nyakakika likawa halijajaa. Watu wa Nyaishozi hawana haraka. Kondakta alikuwa amekaa chini ya kibaraza cha duka la pembejeo, anakula muwa, na nilipomuuliza tunaondoka saa ngapi akanijibu kwa upole, "Tukiwa wengi."

Basi tukatembea. Kahawa ilikuwa imefunikwa turubai kwa sababu ya mvua, na harufu ya udongo na kahawa mbichi ikanirudisha utotoni palepale. Babu alikuwa anatuleta kijiji hiki kwa mhunzi, kununua muhoro, kile kisu kilichopinda cha kupogolea migomba. Tulikuwa tunapanga foleni kuvuta mivukuto, na kila mtoto alitaka yeye ndiye aliyewasha moto. Nikamwambia mama twende tukaone kama kibanda bado kipo.

Kipo. Mivukuto ya ngozi haipo. Wameweka feni ya gurudumu la baiskeli. Mhunzi anaitwa Leonsi, mtu wa makamo, mtoto wa yule wa zamani. Alikuwa anafua muhoro kutoka kwenye springi ya lori. Akatuweka karibu na moto tujikaushe, wala hakutuuliza tunataka nini mpaka kipande chake kilipopoa.

"Nataka sindano ya kusukia," mama akasema. "Yangu ilipotea Muleba."

Leonsi akatabasamu. "Bibi, zamani baba alikuwa anafua sindano hizo kila wiki ya gulio. Siku hizi wanaokuja kuzitaka ni wachache, na wengi wanatoka Kyerwa."

"Wewe unaweza?"

"Nijaribu."

Alichukua spoku ya baiskeli, akaipasha, akaigonga, akaichonga ncha kwa tupa. Ya kwanza mama akaikataa, nene. Ya pili akaijaribu kwenye zile nyasi za bondeni alizokuwa amezifunga kwenye gazeti lenye maji. Akazungusha kitovu kidogo palepale, kama sarafu. Vidole vilikuwa vinatetemeka na kitovu kikatoka kimekaa upande. Akakifumua haraka kabla Leonsi hajakiona, akasema sindano ni nzuri. Mimi nilikiona. Nikageuka nikajifanya natazama mvua.

Nawaambia kweli, pale ndipo nilipoogopa. Mpaka hapo nilikuwa naogopa tutamkuta Domitila amekufa. Sasa nikaanza kuogopa tutamkuta mzima.

Nyakakika

Gari likawa na wengi, tukafika Nyakakika jioni. Fidelis, mtoto wa marehemu mjomba wangu, alitupokea na mke wake kwa shangwe zote, wakachinja kuku, wakatandika majani mapya sebuleni kama zamani. Kabla ya chakula tukaletewa akamwani, zile kahawa za kutafuna zilizochemshwa na majani ya kunukia, kwenye kikapu kidogo kama kiganja. Mama akachukua mbili, akatupa moja kinywani, akafumba macho.

Lakini nyumba ya babu haikuwepo. Ipo nyumba nzuri ya matofali na bati. Nilitafuta ule msonge wetu wa nyasi ambao ndani ulikuwa giza la kijani, na ulikuwa unanuka moshi na maziwa, nikaonyeshwa mahali ulipokuwa: mstari wa migomba. Hata sauti haikuwepo. Nilipokuwa mdogo niliamka kila siku kwa ko-ko-ko ya jirani anayepiga gome la mtoma kwa nyundo ya mti, mpaka linapanuka na kulainika kuwa nguo. Nikamuuliza Fidelis nani anapiga sasa.

"Hakuna, dada. Wazee walioijua kazi hiyo wote wamezikwa. Na walizikwa kwa blanketi."

Mti bado umesimama nyuma ya jiko, mnene, gome lake zima, hakuna aliyelivua kwa miaka. Mama aliugusa akapita.

Asubuhi tulisafisha makaburi. Kisha Fidelis akasema kwa heshima sana, "Shangazi, chumba kipo. Hapa ni kwenu. Ukitaka kukaa, kaa."

Mama akamshukuru. Akazungusha macho uwanjani, kwenye bati, kwenye migomba. "Mwanangu," akamwambia, "niliowajua hapa wote wako kule tulikotoka kufyeka. Nieleze habari za Domitila."

Fidelis akakuna kichwa. "Kibingo ni wilaya nyingine sasa, Shangazi. Siku hizi hatukutani hata kwenye gulio. Nimesikia alikuwa anaumwa. Lakini ni zamani."

Mke wake akamtazama vibaya kwa kusema hivyo. Mama akainuka akaanza kufunga mzigo.

Kwenda Kibingo

Ikabidi kurudi njia ileile, Nyaishozi, Kayanga, mpaka Omurushaka, ndipo kushika barabara ya Kyerwa. Mwisho tulipanda pikipiki mbili. Mama alikaa nyuma ya Projestus, mwanamume mkimya mwenye koti la mvua la manjano, mimi nyuma ya mwenzake. Ilikuwa asubuhi baada ya mvua, ukungu umelala mabondeni, na migomba inachuruzika. Nikasema leo tutafika mapema.

Tukapinda kona, na barabara nzima imejaa watu. Wanaume, wanawake, wanafunzi na sare zao, hata mwalimu na faili lake kwapani, wote wamo majanini wameinama. Projestus akasimamisha pikipiki.

"Kuna ajali?" nikauliza.

"Senene," akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Mama, samahani sana. Mke wangu hatanielewa nikirudi bila kitu."

Wakatuacha barabarani na pikipiki zote mbili, wakaingia nyasini na makoti yao. Nilianza kulalamika. Mama hakulalamika. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja mfano wa mfuko, akaingia naye. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi mbele za watu, na alikuwa anachupa huku na huku akidaka panzi hao. Kwa jicho moja! Mwishowe nikaingia na mimi. Tulipoondoka jua lilikuwa limepanda, mikono yangu ya kijani, na mama alishika kitambaa kinachotikisika chenyewe.

"Hatuendi mikono mitupu," akasema.

Kibingo

Mji wa Domitila uko ndani ya shamba la migomba na kahawa, njia nyembamba, hauonekani mpaka uufikie. Alitupokea mkwe wake, Jenista, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Niseme nani amekuja?"

"Mwambie Anatolia wa Nyakakika."

Jenista akabaki ameshika nguzo ya mlango. "Anatolia gani?"

"Kuna wangapi?"

Yule dada akarudi ndani kinyumenyume. Nikasikia sauti mbili jikoni, moja ya chini, moja kali. Kisha akatoka mwanamke mrefu, mwembamba, anatembelea fimbo, mikono ina majivu. Alisimama mbali na sisi. Nilingoja kilio, nilingoja kukumbatiana, simu nilishaishika mkononi nipige picha niwaletee.

Domitila akamtazama mama kuanzia miguuni mpaka kwenye zile nywele zisizo na kitambaa. Akasema, "Wewe nilishakulilia."

Mama akapiga hatua kumwendea, Domitila akainua mkono.

"Nililala chini. Nikanyoa nywele. Nikasomesha misa. Nimemaliza." Akageuka, akarudi jikoni.

Jenista aliona aibu mpaka machozi yakamlenga. Akatuletea viti, akatunong'oneza: mfanyabiashara mmoja wa kahawa alileta habari kwamba msiba umetokea Muleba, kwa Anatolia. Bibi hakuuliza zaidi. Akaugua, akakaa muda mrefu hasuki kitu. Nikaelewa. Aliyekufa alikuwa baba.

Nikamwambia mama nitakwenda kumweleza mimi. "Kaa," akasema. Akainuka na kitambaa chake cha senene akaingia jikoni, na mlango wa jiko lile ni pazia tu, kwa hiyo nilisikia yote. Mama na Domitila walianza kwa Kinyambo, wakachanganya na Kiswahili.

"Aliyekufa ni Tadeo, mume wangu."

"Na wewe ulikuwa wapi usitume neno kwamba hujafa?"

"Kwa mwanangu, Mwanza. Sikujua kama kuna mtu anayeniulizia."

Moto tu unalia. Sentensi ile ilinichoma, jamani. Mimi nilikuwa namuuliza kila siku: umekula, umemeza dawa, umelala. Lakini mama alisema kweli. Hakuna aliyekuwa anamuulizia Anatolia.

Kitu kikatupwa, nikashtuka. Ulikuwa ni msuko ambao haujaisha. Nikachungulia nikauona mapajani kwa mama.

"Kama kweli hujafa," Domitila akasema, "suka."

Mama akatoa ile sindano ya Nyaishozi. Vidole vikaanza kutetemeka kama siku ile, na sasa alikuwa mbele ya mtu ambaye hawezi kumficha. Alisuka mzunguko mmoja. Domitila akauchukua, akaukagua kwa kidole, akaufumua wote.

"Rudia."

Akarudia. Akafumuliwa. Mara ya tatu Domitila akavuta kigoda akakaa nyuma ya mama, akapitisha mikono yake mirefu mbele, akaweka vidole vyake juu ya vya mama, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, wakasuka hivyo, mikono minne. Hapo ndipo walipoanza kulia, wote wawili, na hawakuacha kusuka. Senene waliokuwa kwenye kitambaa wakaanza kuponyoka, wakaruka ukutani na kwenye sufuria, na hakuna aliyewashika.

Tulikaa zaidi ya nilivyopanga. Wanawake wa jirani huja kwa Domitila baada ya shamba, wanakaa kwenye kibanda cha kuanikia kahawa, wanasuka na kusengenya. Mama alianza kwa kuwatayarishia nyasi tu. Kisha akapewa mifuniko midogo. Siku moja nikamsikia akimwambia dada mmoja, "Fumua hapo," na yule dada akafumua.

Siku ya kuondoka nilifunga mizigo miwili. Mama akaja, akaanza kutoa nguo zake moja moja kwenye mkoba, anaziweka kitandani.

"Mama, gari halitungoji."

"Wewe nenda."

Nilifikiri anatania. Nikampigia kaka yangu Deusi, Dar es Salaam, akafoka: "Editha, utamwacha mama kijijini na presha yake? Watu watatuonaje?" Mama akaniomba simu. Akamwambia Deusi kwamba zahanati iko karibu kuliko ile ya Nyakato, na kwamba Jenista amekwisha kwenda naye mara mbili kupimwa, na presha imeshuka. Akakata.

Nikakaa kitandani juu ya nguo zake. Nilisema maneno ambayo sikutaka kuyasema. "Kwangu ulikosa nini, mama?"

Akakaa kando yangu. "Hujaninyima kitu. Wewe ni mtoto mwema, nitasema hivyo hata mbele ya Mungu. Lakini kwako ninatunzwa. Hapa ninagombezwa." Akacheka kidogo, peke yake. "Hujui, mwanangu, raha ya kugombezwa na mtu aliyekujua ukiwa msichana."

Nilitaka kubisha. Nikakunja zile nguo, nikazipanga kwenye kabati la Domitila.

Kibingo hadi Mwanza

Projestus alikuja kunichukua. Walinisindikiza mpaka barabarani, wawili, mmoja na fimbo, mmoja ameshika mkono wa mwenye fimbo. Nilimwelekeza mama vidonge mara ya mwisho, akaitikia kila kitu kama mwanafunzi. Nikaenda nikigeuka nyuma. Walikuwa wameshapinda kuelekea migombani, na Domitila alikuwa anamwonyesha kitu kwa fimbo, nadhani nyasi.

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Hakuna kilichoharibika wala hakuna aliyenisemesha, na kwenye kiti cha kando yangu alikaa mtu aliyelala mpaka Bukoba. Nyumbani nilikiingiza kile kiti cha plastiki ndani, kisha nikakitoa tena, maana ndani palionekana pabaya zaidi.

Nampigia kila Jumapili. Mara ya mwisho sikuvumilia mpaka Jumapili, nikampigia mchana, katikati ya kazi. Akapokea, akaniambia kwa haraka kwamba ana shughuli, kuna vikapu vinatakiwa Kayanga, na Domitila amekosea mishazari hataki kukubali. Nikasikia simu inawekwa chini kwenye kitu kigumu. Sauti ya Domitila ikasema kwa mbali kwamba kipofu hawezi kumfundisha mishazari. Mama akamjibu kwamba kipofu ana vidole. Wakabishana, wakacheka, wakanyamaza, ikabaki ile sauti ndogo ya sindano ikipenya nyasini.

Hawakukumbuka kukata. Ndiyo ile siku mliponiona nimekaa kwenye ngazi, simu sikioni, sisemi kitu, na Mama Zuhura akaniuliza naongea na nani.